Ua Lililofichwa Diski D

Mtaani walimwita Mama Nembo, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyopimwa kichwani. Kazi yake ilikuwa kudarizi nembo za shule kwenye masweta: mwenge kwa shule ya karibu na soko, kitabu kilichofunguliwa kwa shule ya wasichana, ndege tai kwa shule ya kilimani, na samaki wawili kwa shule moja ambayo hakuna aliyejua kwa nini ilichagua samaki, maana mto wenyewe uko mbali na samaki wanaowajua watoto wale ni wa kopo. Ukikutana na mtoto wa shule njiani ukamtazama kifuani, umeshaiona kazi ya Mama Nembo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ukiingia, kulia kuna meza ya kukatia, kushoto kuna rafu ya nyuzi zilizopangwa kwa rangi, nyekundu zote pamoja na bluu zote pamoja. Katikati ndipo ilipokaa mashine ya kudarizi, nzito kama ng'ombe aliyelala, na pembeni yake kompyuta. Mchoro unatengenezwa kwenye kompyuta, unatiwa kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye mashine, na sindano inaanza kukimbia yenyewe huku Mama Nembo amekunja mikono na kumshukuru Mungu kwa akili alizowapa binadamu.

Mlangoni, penye mwanga, alikaa wifi yake na cherehani ya miguu. Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo usio na breki na moyo usio na kinyongo. Yeye alipunguza suruali, alitia zipu, na kompyuta hakuitaka hata kuipangusa vumbi.

"Wifi gani wewe," alizoea kusema, "umeolewa na hilo kasha. Mdogo wangu amebaki shahidi tu."

"Na wewe ungeolewa na hiyo cherehani, ila imekukimbia mara mbili mkanda ukikatika," Mama Nembo humjibu, bila kuinua macho.

Hivyo ndivyo siku zao zilivyokwenda, sindano ikikimbia na utani ukikimbia, na mteja aliyeingia na uso wa kununa alitoka ameuacha humo ndani.

Sasa, kompyuta ile aliinunua ikiwa imetumika, kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Fundi wa kwanza aliyeitengeneza, kabla hajahamia mji mwingine, alimketisha akamwonyesha kwenye kioo.

"Mama, hii C ni ya kompyuta yenyewe, ina mambo yake, usiiguse. Hii D ni yako. Kazi zako zote weka D. Hata C ikiharibika, D haiguswi."

"Na A na B ziko wapi?" Mama Nembo aliuliza, maana alipenda kujua familia nzima.

"Hizo zilikufa zamani, mama."

"Poleni," alisema, na alisema kwa moyo wote.

Maneno ya fundi yakatimia. Mteja mmoja alileta flashi yenye virusi, kompyuta ikawa inawaka na kujizima kama mlango uliopata upepo. Fundi akaja, akafuta C yote, akaweka mpya, na D ikakutwa salama, mwenge mahali pake na samaki mahali pao. Mwaka mwingine ikawa hivyo hivyo. Tangu hapo Mama Nembo akaiamini D kama mtu anavyoamini sanduku la mama yake. Alimhubiria hata jirani wa dukani anayechapa barua na kutoa fotokopi: "Jirani, weka D. Ulimwengu huu, ukiwa na D unalala." Kazi za thamani zaidi aliziweka mara mbili, nakala moja C na nakala moja D, halafu akafunga duka na kwenda zake nyumbani amani imemjaa. Kichwani mwake, ndani ya lile kasha kulikuwa na vyungu viwili kwenye meko mawili. Kimoja kikivunjika, kingine kinaendelea kuchemka. Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo, naye hakuwa na sababu ya kufungua kasha.

Kati ya vyote vilivyokuwa D, kimoja hakikuwa cha shule yoyote. Lilikuwa ua.

Mama yake mzazi alikuwa akidarizi vitambaa vya meza kwa mkono, na alikuwa na ua lake alilolibuni mwenyewe. Halikufanana na ua lolote la bustanini. Petali zake zilikuwa za zambarau, na shina lilijikunja likarudi kujigusa lenyewe kama paka anayelala. Mama alipofariki kilibaki kitambaa kimoja tu, na kila kikifuliwa kilizidi kuwa chepesi. Mama Nembo aliona kinakwenda. Msimu mzima wa mvua, kazi ikiwa chache, alikaa kwenye kompyuta akalifuata lile ua uzi kwa uzi mpaka likakaa sawasawa. Na ni bahati aliwahi, maana siku moja alipokianua kitambaa kile kwenye kamba kilimkatikia mikononi kama karatasi iliyolowa.

Wateja waliowahi kuliona kwenye kioo walilitaka kwa mito na mashuka. Aliwakatalia. "Haliuzwi, haligawiwi," alisema. Hata kwa majaribio hakulidarizi. Bibi, kabla hajafa, alimwahidi mjukuu wake, binti mkubwa wa Mama Nembo: "Siku yako ya harusi nitakutilia lile ua kwenye shela, kwa mkono wangu." Mkono ule sasa uko mavumbini, na ahadi ikamwangukia Mama Nembo. Alitaka uzi wa kwanza wa ua lile upite kwenye shela ya bintiye, si kwenye foronya ya mtu.

Harusi ikapangwa Jumamosi. Shela ikaletwa, nyeupe, imefungwa kwenye mfuko, ikatundikwa msumarini mbali na vumbi. Na wiki ile ile kompyuta ikaanza kugonga.

Tik. Tik-tik. Tik.

"Kuna panya humo," alisema wifi.

"Panya anakula nini ndani ya kompyuta?"

"Anakula C. D umemficha wewe."

Mama Nembo akalipiga kasha kwa kandambili, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Sauti ikanyamaza, naye akajiona amekuwa fundi. Asubuhi yake alipowasha, kioo kilibaki cheusi na maandishi meupe ya kigeni. Katika maandishi yale alilitambua neno moja tu, diski, na kwa jinsi lilivyokaa peke yake alijua halijaleta habari njema.

Hata hivyo hakutetereka. "C imekufa," alimwambia wifi yake kwa utulivu. "Lakini Mungu ametuachia D. Ngoja nimwite Daktari."

Daktari hakuwa daktari wa watu. Ni fundi kompyuta wa mtaa wa nyuma, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyokaa kwenye paji la uso badala ya machoni, na kila kompyuta aliiuliza yenyewe imeanza kuumwa lini.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Daktari. Mgonjwa huyo hapo. C imekata roho. Mimi sina shida nayo, nataka D tu."

Daktari akachomoa waya, akalilaza kasha juu ya meza ya kukatia, akafungua skrubu. Akaingiza mkono, akatoa kitu cha chuma, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia.

"Haya. Yenyewe hii hapa."

"Hiyo ni ipi?"

"Diski."

"Najua ni diski. C au D?"

"Zote."

"Zote vipi, Daktari, nawe umeshika moja?"

"Dada yangu, iko moja tu. Hamna nyingine."

Cherehani ya wifi ikasimama.

Mama Nembo akasogea, akachungulia ndani ya kasha kwa mara ya kwanza maishani. Aliona vumbi, waya za rangi rangi, feni ndogo na mende mmoja marehemu. Chini ya pale ilipotolewa ile diski aliona nafasi nyingine kama ile, tupu, yenye matundu ya skrubu yasiyo na skrubu.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza, sauti imeanza kupanda.

"Hapo ni pa kuweka diski ya pili."

"Ehee! Na iko wapi?"

"Haipo."

"Wifi," Mama Nembo alisema, mkono kifuani, "D imeibwa."

Wifi hakuuliza swali. Aliinuka, akavuta mlango, akaufunga na kutia ufunguo ndani ya sidiria. "Hatoki mtu humu mpaka D irudi," alitangaza. "Daktari, samahani sana, nakuheshimu, lakini fungua mkoba."

"Mkoba wangu mimi?"

"Wa kwako. Au una mkoba wa nani?"

Daktari akaanza kucheka, kitambi kikatikisika.

"Unacheka? Wezi wote hucheka kwanza."

Masikini, akamwaga mkoba mezani: bisibisi, brashi, waya, kitambaa cha kupangusia, na nusu ya mkate kwenye gazeti. D haikuwemo.

"Basi ni yule wa kwanza," Mama Nembo alisema, machozi yanamlengalenga. "Yule aliyehama. Mtu anahamaje ghafla vile bila kuaga?"

"Nilijua mimi!" wifi alidakia. "Nilimkaribisha chai, akakataa. Mtu anayekataa chai ana haraka, na mwenye haraka ana kitu mfukoni."

"Dada zangu, nisikilizeni..."

"Harusi ni Jumamosi, Daktari! Ua la mama yangu limo humo D! Nitamwambia nini mwanangu?" Akajitupa kwenye kiti, akajifunika uso na khanga.

Sauti ya wifi ilivuka barabara mpaka karakana ya seremala, ambako mume wa Mama Nembo alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda. Alikuja na vumbi la mbao hadi kwenye kope, akagonga mlango wa duka la mkewe.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Dada, ni mdogo wako, fungua mlango."

Wifi akafungua kidogo, akamwingiza ubavu ubavu, akafunga tena. Akaelezwa wizi wote, kila mtu akisema lake. Seremala alikuwa mtu wa maneno machache. Akamgeukia Daktari.

"Hebu nieleze mimi. Hiyo D ni nini hasa?"

"Mzee mwenzangu, diski ni moja. Aliyeitengeneza aliigawa vipande viwili, kipande kimoja akakiita C, kingine D. Kioo kinakuonyesha mbili, ila chuma ni kimoja."

Seremala akakuna ndevu. Akachuchumaa mbele ya kiti cha mkewe.

"Mama watoto, unakumbuka kile chumba cha watoto nilichokitia plaiwudi katikati? Wavulana huku, wasichana huku?"

"Nakumbuka."

"Tulikuwa na vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Na paa lilipovuja ule mwaka?"

Mama Nembo akateremsha khanga machoni. Alikumbuka ndoo, magodoro, na watoto wote wamekuja kujazana sebuleni, wa huku na wa huku.

"Walilowa wote," alisema polepole.

"Basi ndiyo hivyo. Paa lilikuwa moja."

"Lakini C ilifutwa mara mbili na D haikuguswa! Nimeona kwa macho yangu."

"Ukipaka rangi upande wa wasichana," alisema Daktari, ambaye alishaipenda ile plaiwudi kuliko maelezo yake mwenyewe, "upande wa wavulana unapata rangi?"

"Haupati."

"Virusi ni kama rangi. Inaishia kwenye ubao. Huu ugonjwa wa sasa ni wa paa. Na kugawa si vibaya, aliyegawa alikufanyia wema. Ila kugawa si kuongeza."

Wifi akautoa ufunguo, akaufungua mlango kwa heshima, akaanza kurudisha bisibisi mkobani moja moja, akizipangusa.

"Mungu anisamehe," alisema Mama Nembo. "Nimemwita mwizi mtu aliyeniambia kweli, tena hayupo hata ajitetee."

"Na chai anaweza kuikataa tu mtu, kama hajisikii," wifi alikubali. "Daktari, wewe utakunywa?"

"Nitakunywa. Nisije nikashukiwa."

Walicheka wote, hata Mama Nembo, lakini kicheko kilipokwisha ile diski ilikuwa bado mezani. Nakala ya C na nakala ya D zilikuwa zimelala kitanda kimoja, na kitanda kimevunjika. Alichukua kalamu na karatasi ya kukatia mitindo, akajaribu kulichora ua la mama yake kwa kichwa. La kwanza likawa kabichi. La pili likawa kabichi iliyonyauka. Mkono wake ulijua ua lilivyokuwa, ila mkono wa mama ulikuwa na namna yake ya kukosea na kurudi, na hiyo haikushikika.

Daktari alikunywa chai yake, akashusha miwani machoni, ishara kwamba sasa kazi ni kazi. Alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaiunganisha na ile diski kwa waya.

"Sikilizeni. Wakati mwingine diski ya hivi inaamka kidogo, halafu inalala moja kwa moja. Ikiamka sitapata muda wa kutoa kila kitu. Dada, nitajie kitu cha kwanza. Nembo za shule, au nini?"

Wifi akamtazama Mama Nembo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mkate wa mwaka mzima hutoka wiki zile. Masweta matupu yalikuwa yamepangwa ukutani hadi karibu na dari.

"Ua," alisema Mama Nembo.

"Wifi, na shule je?"

"Nembo zangu zimetapakaa mji mzima kwenye vifua vya watoto. Nikizikosa huku nitazifuata barabarani. Ua halina kifua kingine popote. Nililibania mimi mwenyewe." Akamgeukia fundi. "Ua, Daktari. Kwa jina la Mungu."

Diski ikaanza kuzunguka. Tik. Ikanyamaza. Tik-tik. Kwenye kioo cha Daktari kikatokea kidude kidogo cha njano, halafu vingi.

"Imeamka! Haraka, ua liko kwenye folda gani?"

Mama Nembo akafumba macho. Alikuwa amelificha, ili watoto wa wateja wanaochezea kompyuta wasilifungue. Alikuwa amelificha vizuri mno.

"Fungua Nyumbani."

"Nimefungua. Ina folda nyingi."

"Fungua... Mapishi. Hapana! Ngoja. Bustani? Hapana, Bustani wangekisia."

Tik-tik-tik.

"Dada, mgonjwa anachoka."

"Dawa ya Mende!" alipiga kelele. "Nililiita Dawa ya Mende! Nikajua hakuna mtu atakayefungua!"

Seremala akageuka ukutani, mabega yanamtetemeka. Daktari hakucheka safari hii. Alibofya, akaliburuta faili, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo polepole, kama konokono aliyebeba nyumba yake. Ukafika nusu. Ukasimama. Diski ikagonga. Wifi, ambaye hakuwahi kuipenda kompyuta hata siku moja, aliinamia kile chuma na kukiambia kwa sauti ya kubembeleza, "Jikaze mama, jikaze, kidogo tu." Na Mama Nembo midomo ilikuwa ikienda bila sauti, na aliyekuwa akisemeshwa alikuwa juu kuliko fundi yeyote.

Mstari ukafika mwisho.

Daktari akarukia nembo. Akatoa mwenge, akatoa kitabu. Alipofika kwa samaki diski ikagonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza, na hakuna bembelezo lililoiamsha tena.

"Imekwenda," alisema, akaipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Lifungue," alisema Mama Nembo. "Nilione."

Akalifungua. Petali za zambarau zikajitandaza kwenye kioo, na shina likajikunja likarudi kujigusa. Lilikuwa zima. Mama Nembo aligusa kioo kwa ncha ya kidole, Daktari akamwacha, ingawa kwa kawaida huwagombeza wateja wanaogusa kioo chake.

Kesho yake fundi alirudi na diski mbili mpya. Mama Nembo hakukubali afunge kasha kabla hajaziona zote mbili zimekaa ndani, kila moja mahali pake.

"Hii ni ya kompyuta yenyewe," Daktari alimwonyesha. "Hii nyingine ni ya kazi zako, haina kitu kingine. Ya juu ikifa, ya chini iko."

"Niguse?"

"Gusa."

Akagusa ya kwanza. Akagusa ya pili. Akapitisha kidole katikati yao, kikapita hewani bila kizuizi. "Mbili," alisema.

"Mbili kweli."

"Na mtu akilibeba kasha zima?"

Daktari alijikuna kichwa. Hakutarajia mwanafunzi wake angefika huko siku ya kwanza. "Hapo zinakwenda zote. Ndiyo maana mtu anaweka na nakala nyingine kwenye nyumba nyingine kabisa. Kitu cha thamani kisilale chini ya paa moja."

Neno hilo likamwingia.

Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi hazikutosha kwa kulia juu ya nembo zilizopotea. Mchana, shule zikiwa bado likizo, Mama Nembo alisimama mlangoni akivizia watoto waliotumwa dukani. Wa kwanza kupita na sweta la samaki alimdaka begani.

"Simama hapo, mwanangu."

"Sijafanya kitu!" mtoto akaanza kulia.

"Najua hujafanya. Nataka samaki wako tu."

"Ni wa shule!"

"Kamwambie mama yako, Mama Nembo amemaliza kula watoto wa shule, sasa anakula samaki wao," wifi alisema kutoka kwenye cherehani. Mtoto akapewa andazi, sweta likapigwa picha, samaki wakaanza kurudi majini. Tai alipatikana kwa jirani wa fotokopi, ambaye mwanawe husoma kilimani, na jirani huyo alipolileta lile sweta aliuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli D hufa.

"Jirani," alisema Mama Nembo, "keti nikueleze habari za plaiwudi."

Ijumaa alasiri walifunga nusu ya mlango. Meza ikapanguswa mara mbili. Shela ikatolewa kwenye mfuko, ikatandazwa, chini yake ikawekwa karatasi laini ili wavu wake usivutike, na fremu ya kudarizia ikakazwa. Bibi harusi mwenyewe alikuja na mafuta ya nywele kichwani na taulo shingoni, ameponyoka mikononi mwa shangazi waliokuwa wakimsuka nyumbani.

"Mama, limepona? Shangazi huyu kaniambia lilikuwa kwenye dawa ya mende."

"Shangazi yako ana mdomo. Kaa hapo, usiguse kitu."

Alichukua uzi wa zambarau. Tundu la sindano likamkimbia, mpaka wifi akamnyang'anya uzi na kuutia yeye. Akabonyeza. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka, na kwenye ule weupe kukaanza kuota petali ya kwanza, kisha ya pili. Hakuna aliyetania. Seremala alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, amesahau kuiweka chini.

Mashine iliposimama, binti aliinama juu ya shela. Alitazama sana. Alifuata shina kwa kidole, likamzungusha na kumrudisha lilipoanzia.

"Ni lenyewe," alisema. "Mama, ni mkono wa bibi."

"Ni wake. Mimi nimebeba tu."

Binti akajipangusa macho kwa ncha ya taulo. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu alichokwisha kukatazwa, akasema, "Nilikuwa nataka... basi, najua haligawiwi."

Mama Nembo akaitazama shela. Miaka yote ile alidhani kulibania ndiko kulilinda, akalifungia mahali pamoja, pamoja na mende. Kumbe samaki wa shule, ambao hakuwahi kuwajali, walikuwa salama kuliko ua la mama yake, kwa sababu walikuwa wakitembea.

"Wifi," alisema, "nipe flashi mbili mpya. Moja ni yako, utaiweka kabatini kwako."

"Mimi? Kompyuta yenyewe siijui!"

"Hujaambiwa uijue. Umeambiwa uiweke."

Akalinakili ua kwenye flashi moja, akalinakili kwenye ya pili, na kila moja akaifungua tena kuhakikisha kwamba petali zote zimo. Ya wifi ikaenda pale pale ulipokaa ufunguo. Ya binti aliifunga kwenye kitambaa kidogo.

"Kwako huko," alimwambia, "mtu akikuomba, mpe adariziwe. Jirani, wifi zako, mkweo, yeyote. Usije ukalificha."

"Hata kwenye foronya?"

"Hata kwenye foronya."

Mkoba wa safari wa bibi harusi, ulioletwa kwa wifi kutiwa zipu ya pembeni, ulikuwa pale chini, umekwisha kujazwa nusu. Mama Nembo akaupandisha mezani, akakiingiza kile kitambaa kwenye mfuko wa pembeni, akafunga zipu, akaivuta tena kidogo kwa kidole kuona kama imeshika.